Unajuaje, na Unaishije?

(Mazungumzo ya redio ya wiki hii, kama yalivyosomwa hewani)



Lipo neno moja ambalo hapa mjini tumelitumia mpaka limechakaa. Neno hilo ni falsafa. Mwanasiasa akipanda jukwaani hueleza falsafa ya chama chake. Kocha wa mpira akifungwa mabao matatu huwaambia waandishi wa habari kwamba wachezaji wake bado hawajaielewa falsafa yake. Na kijana akianza kuzunguka na maneno badala ya kulipa deni la watu, huambiwa, "Bwana wee, acha falsafa zako, toa pesa!" Kwa hiyo falsafa imekuwa ama kitu kikubwa cha wakubwa, ama maneno matupu ya kupotezeana wakati.

Hivi karibuni msikilizaji mmoja aliniandikia barua akiuliza: hao wanafalsafa wa Ugiriki ya kale mnaowataja-taja wana faida gani kwa mtu anayeamka alfajiri kuwatafutia watoto mkate? Ni swali zuri, na halistahili kujibiwa kwa mistari miwili. Basi leo na tulizungumze.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi tumelipata kutoka Kiarabu, lakini Waarabu nao walilipata kwa Wagiriki. Wagiriki waliunganisha maneno mawili, moja la kupenda na jingine la hekima. Kwa hiyo, kwa asili ya neno lenyewe, mwanafalsafa si mtu aliyekwisha kuwa na hekima. Ni mtu anayeipenda na kuitafuta, na mtu hatafuti kitu ambacho tayari kimo mfukoni mwake. Katika karne ya 9 wasomi wa Baghdad, miongoni mwao Hunayn ibn Ishaq, walikaa miaka mingi wakivifasiri vitabu vya Wagiriki kwa Kiarabu, na neno hilo, kama maneno mengine mengi ya elimu, likatufikia kupitia lugha hiyo.

Sasa tuje kwenye mkate. Swali la msikilizaji wetu lina umri wa zaidi ya miaka 2,500. Katika karne ya 6 kabla ya Kristo aliishi mtu aliyeitwa Thales katika mji wa Miletus, mji wa bandari wa Wagiriki kwenye pwani ambayo leo ni ya Uturuki. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja alikuwa akitembea huku ametazama nyota, akatumbukia kisimani, na kijakazi mmoja akamcheka kwa kutaka kujua ya mbinguni na hali ya miguuni pake haoni. Watu walimcheka pia kwa umaskini wake. Elimu gani hiyo isiyojaza chungu?

Aristotle anatupa kisa cha jibu lake. Thales, kwa ujuzi wake wa nyota, aliona kwamba mwaka unaofuata zeituni zitazaa sana. Wakati wa baridi, hapo hakuna anayefikiria mavuno, akachukua vijisenti vyake akaweka arubuni kwa vinu vyote vya kukamulia mafuta katika Miletus na katika kisiwa cha Chios. Hakuna aliyeshindana naye, kwa hiyo alivipata kwa bei ya chini. Mavuno yalipofika, kila mtu akataka kinu kwa mara moja. Thales akavikodisha kwa bei aliyoitaka yeye, akapata fedha nyingi. Alikuwa ameonyesha kwamba mwanafalsafa akitaka utajiri anaweza kuupata, ila si jambo analolihangaikia.

Walakini Thales hakumbukwi kwa vinu. Anakumbukwa kwa sababu aliuliza dunia hii imetokana na kitu gani, akajibu: maji. Mtu wa mji wake huohuo, Anaximander, akasema si maji, ni kitu kisicho na mpaka wala umbo. Akaja wa tatu, Anaximenes, akasema ni hewa. Kwa sayansi ya leo wote watatu walikosea. Lakini tazama, ndugu msikilizaji, kilichotokea hapo. Mdogo amempinga mkubwa hadharani, na jibu la kumpinga halikuwa kwamba mkubwa kasema na mambo yameisha. Jibu lilikuwa hoja, na hoja ikajibiwa kwa hoja. Huo ndio msingi wa kwanza wa nyumba hii tunayoiita falsafa ya Kigiriki: kwamba neno halipati uzito kwa ukubwa wa aliyelisema, bali kwa sababu zinazolishikilia.

Mtu aliyelitoa swali hilo kwenye nyota na maji akalileta kwa binadamu mwenyewe ni Socrates wa Athens. Alizaliwa yapata mwaka 470 kabla ya Kristo. Baba yake alikuwa mchonga mawe na mama yake mkunga. Hakuandika kitabu hata kimoja. Habari zake tumezipata hasa kwa wafuasi wake wawili, Plato na Xenophon. Alitembea pekupeku na hakutoza ada. Alikuwa amepigana vitani kama askari wa miguu wa mji wake. Lakini kazi yake ya kila siku ilikuwa kukaa sokoni na kuwauliza watu maswali. Alijifananisha na mama yake: yeye hazai mawazo, bali huwasaidia wengine kuyazaa yao, kisha humtazama mtoto aliyezaliwa kama ni mzima au la.

Inasimuliwa kwamba rafiki yake, Chaerephon, alikwenda Delphi, mahali ambapo Wagiriki waliagulia kwa mungu wao Apollo, akauliza kama yupo mtu mwenye hekima kumpita Socrates. Akajibiwa kwamba hayupo. Socrates alipopata habari hizo hakufanya sherehe. Alishangaa, kwa kuwa alijijua hana hekima yoyote. Akaamua kuuchunguza uaguzi huo kwa kumtafuta mtu anayemzidi. Alikwenda kwa wanasiasa, akakuta wanajiona wanajua na hawajui. Alikwenda kwa washairi, akakuta wametunga mambo mazuri ambayo hawawezi kuyaeleza. Mwisho akaenda kwa mafundi. Hao aliwaheshimu, maana kweli walijua kazi zao kuliko yeye. Ila nao walikuwa na ugonjwa mmoja: kwa sababu fundi anajua kazi yake, anadhani anajua na mambo mengine yote makubwa.

Ugonjwa huo, ndugu msikilizaji, haujapata dawa mpaka leo. Mtu akiwa tajiri tunamwuliza habari za malezi. Akiwa mwimbaji mashuhuri tunamwuliza habari za uchumi. Na yeye anajibu! Socrates akafikia uamuzi kwamba labda yeye amewapita wenzake kwa kitu kidogo tu, nacho ni kwamba asilolijua hajidanganyi kuwa analijua. Si kwamba alisifu ujinga, la. Ni kama kikombe kilichojaa hewa: lazima kwanza kitambulike kuwa ni kitupu, ndipo mtu afikirie kutia maji.

Nitoe mfano mmoja wa kazi yake, kwa sababu unatuhusu sisi wazazi wa mjini. Plato ameandika mazungumzo yanayoitwa Laches. Wazee wawili, Lysimachus na Melesias, wanataka ushauri juu ya wana wao. Wazee hao ni watoto wa watu mashuhuri sana wa Athens, lakini wao wenyewe hawakufanya lolote la kutajika, na wanaona aibu. Wanalalamika kwamba baba zao walishughulikia mambo ya mji na ya watu wengine, wakawaacha wao wajilee. Hawataki wana wao wapatwe na hayo. Sasa wamemwona mwalimu anayefundisha kupigana kwa silaha nzito. Je, wawapeleke watoto huko?

Waliwaita majenerali wawili, Nicias na Laches. Nicias akasema mafunzo hayo ni mazuri. Laches akasema hayana maana, na kwamba mwalimu huyohuyo yeye alimwona vitani akiaibika na silaha yake ya ajabu mpaka mabaharia wakaangua kicheko. Mambo yakawa moja kwa moja. Mzee Lysimachus akamwomba Socrates apige kura ya kuamua. Socrates akamwuliza: katika jambo la kumlea mtoto wako, utafuata walio wengi, au utamfuata yule mmoja anayejua? Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Mnataka mafunzo haya yawape watoto nini? Wakajibu, ushujaa. Basi, ushujaa ni nini?

Laches, jenerali aliyezeekea vitani, akaona hilo ni swali la mtoto mdogo. Shujaa ni yule anayebaki kwenye mstari wake bila kukimbia. Socrates akamwambia, lakini wapo wapanda farasi wa Kiskithia wanaopigana vizuri huku wakirudi nyuma. Tena vipi kuhusu ushujaa wa mgonjwa, wa maskini, wa mtu baharini? Laches akafikiri, akasema basi ushujaa ni uvumilivu wa moyo. Hata uvumilivu wa kijinga? Hapana. Basi ni uvumilivu wenye akili. Je, mtu anayejua kwamba msaada unakuja njiani akavumilia, na yule asiyejua lolote akavumilia vilevile, ni yupi aliye shujaa zaidi? Laches akajikuta anasema ni yule wa pili, yaani yule mwenye akili kidogo katika jambo hilo! Akakasirika, si kwa Socrates bali kwa nafsi yake, kwamba anaona anakijua kitu na hawezi kukisema. Nicias naye akajaribu, akakwama. Mwisho wa mazungumzo hakuna aliyepata jibu. Socrates akasema inafaa wote watafute mwalimu, na si kwa ajili ya watoto peke yao, bali kwa ajili yao wenyewe, uzee na mvi zao hivyohivyo.

Wako wanaosoma kisa hiki wakasema, ala, sasa wamepata faida gani? Mimi naona wamepata kubwa. Walikuja kuulizia shule, wakaondoka wakiwa wamejua kwamba hawajui wanachokitafuta shuleni. Wangapi kati yetu tunalipa ada, tunalipa tuisheni ya jioni na ya Jumamosi, tunanunua sare na daftari, na hatujawahi kukaa kitako tukajiuliza: hivi nataka mtoto huyu awe mtu wa namna gani?

Plato, mwanafunzi wa Socrates, aliliendeleza swali la ujuzi. Alizaliwa yapata mwaka 428 kabla ya Kristo na baadaye akaanzisha shule yake nje kidogo ya Athens, iliyoitwa Akademia. Katika maandishi yake yaitwayo Meno kuna mfano ninaoupenda, kwa kuwa unagusa kazi yetu ya habari. Chukua mtu anayejua njia ya kwenda mji wa Larissa kwa sababu amepata kuipita. Na chukua mwingine asiyepata kuipita, ila amebahatisha kuwa na dhana iliyo sahihi. Wote wawili wakiongoza wasafiri, wote watafika. Basi tofauti iko wapi kati ya kujua na kubahatisha vizuri?

Jibu lake ni hili. Wagiriki walisimulia habari za fundi aliyeitwa Daedalus, ambaye sanamu zake zilikuwa kama zina uhai, kwamba zisipofungwa kamba hutoroka. Dhana iliyo sahihi ni kama sanamu hizo. Ni nzuri ilimradi ipo, lakini haikai. Akija mtu mwenye sauti kubwa akasema njia ni ile nyingine, yule aliyebahatisha atayumba na kuwapoteza wote. Kinachoifunga dhana isitoroke ni kujua sababu: kwa nini iko hivyo. Hapo ndipo dhana inageuka kuwa ujuzi.

Mimi nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari, kila tulipopeleka habari kwa mkufunzi alikuwa na swali moja tu lililotutoa jasho: "Umejuaje?" Hakuuliza kama ni kweli. Habari ingeweza kuwa kweli kabisa, lakini kama huwezi kusema umeijuaje, hiyo si habari, ni bahati. Ndugu msikilizaji, fikiria uvumi ngapi zinapita mjini kwa siku moja: sukari itaadimika, dawa fulani inaponya kila kitu, mtoto wa fulani ameiba. Baadhi ni kweli. Lakini mji unaoishi kwa uvumi za kweli leo utaishi kwa uvumi za uongo kesho, kwa sababu haukuwa na kamba ya kuzifungia.

Mpaka hapa nimezungumzia nusu ya kwanza, ambayo ni kujua. Nusu ya pili ni kuishi vizuri, na kwa Wagiriki hawa nusu hizo mbili zilikuwa kitu kimoja. Socrates aliamini kwamba hakuna anayefanya ubaya kwa kutaka. Mtu hutenda mabaya kwa sababu hajui kwamba anajiumiza mwenyewe, kwamba anaiharibu roho yake ili apate fedha au cheo. Angejua kwelikweli, asingetenda. Na alishikilia kwamba kutendwa ubaya ni afadhali kuliko kuutenda.

Ni rahisi kusema hivyo sokoni. Lakini yeye alipimwa mara mbili. Mwaka 406 kabla ya Kristo majeshi ya maji ya Athens yalishinda vita, lakini tufani ikawazuia makamanda kuwaokoa mabaharia waliotupwa baharini. Umati ukataka makamanda wahukumiwe wote kwa pamoja kwa kura moja, kinyume cha sheria. Siku hiyo Socrates alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa mkutano. Watu wakapiga kelele na kutoa vitisho. Wenzake wakalegea, yeye akakataa. Makamanda sita waliuawa, na baadaye mji ukajuta.

Miaka miwili baadaye Athens ilishindwa vita na Sparta, na utawala ukashikwa na watu 30 wakatili. Hao walipenda kuwashirikisha watu wengi katika uovu wao, ili kila mtu awe na doa. Wakamwita Socrates pamoja na wengine wanne, wakawaamuru waende kisiwa cha Salamis wamlete mtu aitwaye Leon ili auawe. Leon hakuwa na kosa. Wale wanne wakaenda, wakamleta. Socrates akatoka mlangoni, akaenda zake nyumbani. Huenda naye angeuawa, kama utawala ule haungeanguka muda mfupi baadaye.

Tafadhali wakumbuke wale wanne, maana nitawarudia.

Mwaka 399 kabla ya Kristo demokrasia ilikuwa imerudi, na ni demokrasia hiyo iliyomshitaki Socrates. Mashitaka yalikuwa kwamba haheshimu miungu ya mji na kwamba anawaharibu vijana. Alihukumiwa na raia wapatao 500 waliopatikana kwa kura ya bahati. Kura kama 30 tu zingehama upande, angeachiwa. Alipotakiwa ataje adhabu anayoiona inamstahili, alisema kwanza kwamba anastahili kulishwa kwa gharama ya mji, kama wanavyolishwa washindi wa michezo ya Olimpia. Akahukumiwa kifo. Angeweza kuahidi kunyamaza, lakini aliwaambia kwamba maisha yasiyochunguzwa hayamfai binadamu kuyaishi. Rafiki yake tajiri, Crito, akamwandalia njia ya kutoroka gerezani. Socrates akakataa, kwa hoja kwamba ameishi miaka 70 chini ya sheria za mji huo na hawezi kuzivunja siku ambayo hazimpendezi. Akanywa sumu ya mmea aliyopewa, huku akizungumza na rafiki zake.

Sasa aje Aristotle, mtoto wa tabibu kutoka mji wa Stagira, aliyezaliwa mwaka 384 kabla ya Kristo, akakaa katika shule ya Plato miaka 20 na baadaye akamfundisha Alexander, yule aliyekuja kuitwa Mkuu. Aristotle alimheshimu Socrates lakini alimpinga. Akasema, hapana, watu wanajua vizuri kabisa lililo jema, na bado hawalitendi. Hapo hakuna asiyeelewa. Dereva wa basi amefaulu mtihani wa alama za barabarani. Ukimwamsha usiku wa manane atakutajia zote. Lakini mwangalie asubuhi anavyopita kwenye kona. Mvuta sigara amesoma onyo kwenye pakiti ileile anayoifungua.

Aristotle alitoa mfano wa wagonjwa wanaomsikiliza tabibu kwa makini sana, wanatikisa kichwa, kisha wanarudi nyumbani wasifanye hata moja aliloagiza. Hao hawatapona kwa kusikiliza. Vivyo hivyo hakuna anayekuwa mwema kwa kusikiliza mazungumzo juu ya wema. Na hapa, ndugu msikilizaji, anaupiga kijembe hata mpango huu wetu wa kila wiki!

Dawa yake ni mazoea. Mtu huwa mwashi kwa kujenga, huwa mpiga zeze kwa kupiga zeze, na huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu leo, kesho na keshokutwa, mpaka ukawa tabia. Wahenga wetu wangemwelewa mara moja, maana nao walisema samaki mkunje angali mbichi. Na lengo la yote, kwa Aristotle, ni kitu walichokiita eudaimonia. Wengi hulifasiri neno hilo kuwa furaha, lakini si furaha ya harusi inayokwisha kesho yake. Ni kustawi kwa mtu, kama mti uliopata ardhi yake, na kunapimwa kwa maisha mazima, si kwa siku moja.

Aliongeza kwamba wema hukaa katikati ya ubaya wa pande mbili. Ushujaa uko kati ya woga na kujitosa ovyo. Ukarimu uko kati ya uchoyo na ubadhirifu. Tena katikati hiyo haipimwi kwa rula. Chakula kinachomtosha Milo, yule mpiga mieleka mashuhuri, kitamvimbisha tumbo mtu anayeanza mazoezi. Kwa hiyo inahitajika busara ya kutambua: kwa mtu huyu, siku hii, kiasi gani?

Sisi tunaijua busara hiyo ingawa hatukuipa jina lake. Kiswahili kinatuambia haraka haraka haina baraka. Kiswahili hichohicho kinatuambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Mgeni atasema lugha yetu inajipinga. La hasha! Methali zote mbili ni za kweli. Kazi ya mwenye busara ni kujua leo ni siku ya ipi. Hakuna kitabu kitakachokutajia hilo, wala cheti.

Waliofuata niwapitie kwa haraka. Waliosoma Matendo ya Mitume, sura ya 17, wamekutana na Waepikureo na Wastoiko walipojadiliana na Paulo mjini Athens. Epicurus alifundisha kwamba raha ndiyo lengo, lakini kwake raha ilikuwa mwili usio na maumivu na moyo usio na hofu, pamoja na marafiki na chakula cha kawaida. Bustani yake iliwakaribisha hata wanawake na watumwa. Wastoiko walifundisha kutenganisha yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo katika uwezo wetu, na kutoyalilia haya ya pili. Mmoja wa walimu wao wakubwa, Epictetus, alizaliwa mtumwa.

Hilo linanipa nafasi ya kusema jambo lisilopendeza. Aristotle huyohuyo aliandika kwamba wako watu waliozaliwa kwa asili yao wawe watumwa, na kwamba mwanamke kwa asili ni wa kutawaliwa. Karne nyingi baadaye, maandishi yake yalitumiwa kuhalalisha unyama mkubwa. Mtu aliyefundisha vizuri hivyo juu ya kuchunguza sababu, hakuichunguza desturi ya mji wake mwenyewe. Na Epictetus, kwa kuishi kwake na kufundisha kwake, alikuwa jibu tosha. Kwa hiyo tusiwasome Wagiriki kwa kupiga magoti. Wao wenyewe walitufundisha kutopiga magoti.

Basi nani alikuwa na haki, Socrates anayesema ujue, au Aristotle anayesema uzoee? Niliomba muwakumbuke wale watu wanne waliokwenda Salamis. Sidhani kwamba walikuwa watu wabaya sana. Yamkini walikuwa majirani wazuri na baba wazuri. Walikuwa wamezoea kutii, na kutii kwa kawaida ni tabia njema. Lakini mazoea yasiyo na swali yalimtoa Leon nyumbani kwake yakampeleka kifoni. Kwa upande mwingine, yule dereva wetu anajua kila kitu na hajazoea lolote, na abiria wanazikwa. Mazoea bila swali humfanya mtu chombo chema cha kazi mbaya. Swali bila mazoea humfanya msemaji hodari asiyetegemewa. Mwenye kutaka kuishi vizuri anavihitaji vyote viwili, kama mtembeaji anavyohitaji miguu miwili.

Na Socrates mwenyewe anathibitisha hilo kuliko alivyofahamu. Siku ile mlangoni mwa wale 30 hakuwa na wakati wa kufanya mjadala. Alitoka akaenda nyumbani kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa amezoea kujiuliza. Kuuliza kwake kulikuwa kumekwisha kuwa tabia.

Kwa msikilizaji aliyeuliza habari za mkate, jibu langu ni kwamba falsafa ya Wagiriki haitakupa mkate, na Thales alikwisha kuonyesha kwamba hilo si lengo lake. Lakini ukiwa njiani kuutafuta, utaambiwa mengi, na utaamriwa mengi. Yapo utakayoambiwa kila mtu anayafanya. Jaribu wiki hii, mara moja tu kwa siku: ukiambiwa neno, uliza kwa upole, "Umejuaje?" Na jioni, kabla ya kulala, jiulize la pili: lile jema ninalolijua, leo nimelitenda? Maswali hayo hayana ada. Hayahitaji Kigiriki wala diploma. Kuuliza si ujinga, nasi tumelijua hilo tangu utotoni. Kilichobaki ni kulizoea.